Robo Maili kwa Gari la Kwendea Kazini

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: je, mtu mwenye gari la kawaida anaweza kulipeleka kwenye mbio za mstari mnyoofu, zile ambazo wenyewe huziita dragi, akakimbia, na jioni akarudi nalo nyumbani likiwa zima? Nimechagua barua sita. Mbili kati yake nimezijibu kwa urefu kwa sababu zimegusa mahali ambapo wageni wengi hukwama.

Mheshimiwa mwandishi, nina gari la familia lenye nguvu za farasi 110, gia za otomatiki na uzito wa kilo 1,300. Hunipeleka kazini na kuwapeleka watoto shuleni. Upo uwanja wa dragi ambao siku maalumu humruhusu yeyote kuja kupima muda wa gari lake. Natamani kwenda, ila nahofia mambo mawili: kuchekwa, na kurudi nyumbani nikiwa nimevutwa kwa kamba. Je, gari la aina hii lina nafasi huko? — Baba wa Watatu

Ndugu Baba wa Watatu, nafasi ipo. Chama cha National Hot Rod Association, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951 chini ya Wally Parks, kilikusudia kuwatoa barabarani vijana waliokuwa wakishindana kwa magari yao na kuwapa mahali penye utaratibu. Baadhi ya njia za mwanzo zilikuwa viwanja vya ndege vilivyoachwa. Siku za majaribio unazozitaja ni mwendelezo wa wazo hilo. Kuhusu kuchekwa, mara yangu ya kwanza nilitumia sekunde 19 na ushee, na mtu pekee aliyezungumzia muda huo alikuwa mwenye gari la injini kubwa lililoharibika gia kabla halijafika nusu ya njia, ambaye alikuja kuniuliza kama ningeweza kumsaidia kulisukuma.

Umbali wenyewe ni mita 402, yaani robo maili, na viwanja vingine hutumia nusu yake, mita 201. Kama ungependa kukadiria muda wako kabla ya kwenda, chukua uzito wa gari pamoja na wako mwenyewe kwa kilo, ugawanye kwa nguvu za farasi, utafute kipeuo cha tatu cha jibu, kisha uzidishe kwa 7.6. Gari lako pamoja nawe, tuseme kilo 1,380, likigawanywa kwa 110 linatoa 12.5 na kitu. Kipeuo chake cha tatu ni takriban 2.32, ukizidisha unapata sekunde 17 na nusu, kupita kidogo. Mwishoni mwa njia utakuwa kwenye mwendo wa kilomita kama 125 au 130 kwa saa. Hesabu hiyo ni ya makadirio tu, lakini inakuonyesha jambo la manufaa: ukipunguza kilo 50 ndani ya gari, unaokoa takriban moja ya tano ya sekunde bila kununua chochote.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulitoa gari vyombo. Toa tairi la akiba, jeki, kiti cha mtoto, chupa za maji zinazobingirika chini ya viti, na mizigo yote ya kwenye buti. Toa pia zulia la miguuni upande wa dereva, na hilo si kwa ajili ya uzito, bali kwa sababu zulia linaloteleza na kuingia chini ya pedeli ya breki ni hatari ambayo hutaikumbuka hadi iwe imekukuta. Mafuta yasijae tangi; robo ya tangi inatosha.

Hofu yako ya pili ina msingi zaidi. Mwendo wa kilomita 130 kwa saa si mgeni kwa gari lako. Lililo geni ni kukanyagiwa mafuta hadi sakafuni kwa sekunde 17 mfululizo, na baada ya hapo kufungwa breki kutoka kwenye mwendo huo, mara nne au tano kwa siku moja. Gari zima hulistahimili jambo hilo. Linaloharibika kwa kawaida ni lile lililokwenda likiwa tayari linaumwa: mpira wa rejeta uliokwisha kupasuka pembeni, oili iliyopungua, pedi za breki zilizobaki wembamba wa karatasi, au maji ya breki ya miaka mingi ambayo yamenyonya unyevu na huchemka breki zikipata moto, hata pedeli ikazama bila kushika. Mwite fundi wako wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia siku hiyo, na umweleze unakokwenda. Akague pia kama betri imefungwa imara na kama nati za magurudumu zimekazwa kwa kipimo.

Uwanjani wakaguzi watayarudia hayo hayo. Tone moja la oili au la maji ya rejeta chini ya gari linatosha kukurudisha nyuma, na wana haki, kwa kuwa oili iliyomwagika njiani humpindua anayekufuata. Vaa suruali ndefu, shati lenye mikono na viatu vilivyofunikwa. Kwa kanuni za chama nilichokitaja, helmeti ni lazima kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au chini ya hapo, lakini viwanja vingi humtaka kila dereva aivae. Na hata pale wasipoitaka, mimi naivaa.

Kaka mwandishi, nilishindana na rafiki yangu kwenye siku ya majaribio. Taa ya kijani ilipowaka nilizubaa kidogo, naye akaondoka na kumaliza mbele yangu. Lakini karatasi tulizopewa zinaonyesha kwamba mimi nilitumia sekunde 17.31 na yeye 17.55. Je, mtambo wao ni mbovu, au mimi ndiye niliyeshinda? — Dada Mwenye Karatasi

Dada yangu, mtambo ni mzima, na rafiki yako ndiye mshindi. Barua yako imenifurahisha kwa sababu mtu akishalielewa jambo hili ameuelewa mchezo mzima, ilhali wapo waliokimbia msimu mzima bila kulielewa.

Pale unapoondokea pana miale miwili ya mwanga inayokatiza njia karibu na usawa wa ardhi. Magurudumu yako ya mbele yakiukata mwale wa kwanza, taa ndogo za juu kwenye mlingoti wa taa ulio mbele yako huwaka kukujulisha kwamba umekaribia. Ukisogea takriban sentimita 18 zaidi unaukata wa pili, na hapo umejipanga. Baada ya hapo taa tatu za rangi ya kaharabu huwaka moja baada ya nyingine kwa kupishana nusu sekunde, na nusu sekunde baada ya ile ya tatu huwaka ya kijani. Saa ya gari lako haianzi kijani kinapowaka. Inaanza gurudumu lako linapoondoka kwenye mwale. Ungeweza kuketi hapo baada ya kijani ukafungua dirisha, ukampungia mkono mama yako jukwaani, kisha ukaondoka, na muda wako wa robo maili usiongezeke hata nukta moja.

Muda ule wa kuzubaa huandikwa peke yake juu kabisa ya karatasi. Umenitumia nakala, nami naona wako ni 0.912 na wa rafiki yako ni 0.318. Jumlisha: wewe 18.222, yeye 17.868. Amekutangulia kwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya sekunde, na kwa mwendo mliokuwa nao mwishoni hiyo ni mita kama 12. Gari lako lilikuwa na kasi zaidi kuliko lake. Ni wewe uliyelichelewesha.

Dawa yake ni kuacha kuisubiri taa ya kijani. Jicho linapoiona, ubongo unapoamua, mguu unapokanyaga na gari linapojikusanya hadi gurudumu litoke kwenye mwale, nusu sekunde imekwisha kupita. Ondoka taa ya tatu ya kaharabu inapowaka. Mara ya kwanza utahisi kana kwamba unaiba, lakini gari la kawaida ni zito wa kuinuka kiasi kwamba kijani kitakuwa kimewaka kabla gurudumu halijatoka. Ukiwahi kupita kiasi taa nyekundu itawaka upande wako, na siku ya mashindano hapo umeshindwa; siku ya majaribio haidhuru kitu, nami ningekushauri uiwashe walau mara moja ili ujue mpaka uko wapi.

Usiishie hapo kuisoma karatasi yako. Kuna mstari unaoonyesha muda wa mita 18 za kwanza, na huo ndio ninaoutazama kabla ya mwingine wowote, kwa kuwa moja ya kumi ya sekunde uliyoiokoa pale huwa imekua na kukaribia mbili za kumi utakapofika mwisho. Upo pia mwendo wa mwisho, unaopimwa kwenye mita 20 za mwisho. Muda unasimulia zaidi jinsi ulivyoondoka. Mwendo unasimulia nguvu ya injini. Ukiona mwendo wako ni mzuri lakini muda ni mbaya, usimlaumu fundi, jilaumu ulivyoondoka. Ukiona mwendo unashuka kila unaporudia, injini imepata joto kupita kiasi na inaomba kupumzishwa. Hapo fungua boneti, uliache gari lipoe nusu saa, unywe maji na wewe mwenyewe.

Bwana mwandishi, gari langu huvutwa na magurudumu ya mbele, na kila nikiondoka matairi huzunguka bure huku yakilia. Nimeona wenzangu wakipita kwenye dimbwi la maji kabla ya mstari na kuyachoma matairi yao hadi moshi unatanda. Je, nami nifanye hivyo? Na nipunguze upepo kiasi gani? — Msomaji wa Siku Nyingi

Usifanye hivyo. Wale uliowaona wanatumia matairi laini ya mbio, yasiyo na mifereji, ambayo hayashiki mpaka yapate moto. Tairi la barabarani lina mifereji iliyotengenezwa makusudi ili kubeba maji. Ukiliingiza dimbwini litayabeba hadi kwenye mstari wa kuondokea, litakutelezesha wewe, na litamharibia anayekuja nyuma yako. Lizunguke lile dimbwi kwa pembeni. Uwanjani hawatakudharau kwa hilo. Watakaokudharau ni wale utakaowaachia maji kwenye mstari. Kwa sababu hiyo hiyo zima kiyoyozi mapema, ukiwa bado kwenye foleni, maana kiyoyozi hudondosha maji chini ya gari, mbali na kuila nguvu ya injini. Ukishalikwepa dimbwi, zungusha magurudumu mara moja tu, kwa kifupi, ili kung'oa vumbi na changarawe zilizonata.

Gari la kuvutwa mbele lina tatizo la kimaumbile ambalo huwezi kulifuta, unaweza tu kulibembeleza. Gari linapoondoka kwa nguvu uzito wake huhamia nyuma. Pua inainuka, na magurudumu yanayofanya kazi ndiyo yanayopunguziwa mzigo. Kwa mwenzako wa gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma jambo hilo hilo ni neema. Wewe itakubidi ukanyage mafuta kwa awamu: nusu kwa urefu wa gari moja au mawili, kisha polepole hadi mwisho gari likishashika. Tairi linalolia halikusogezi mbele sawasawa. Njia yenyewe karibu na mstari hupakwa gundi maalumu na ina raba nyingi iliyobandikwa na magari mengine, kwa hiyo usistaajabu viatu vyako vikinasa. Jitahidi magurudumu yako yapite hapo penye weusi, lakini baada ya mita chache usiyumbe kutafuta weusi, nyoosha tu.

Ukisikia mtikisiko mzito wa kudunda-dunda mbele, ondoa mguu mara moja. Hapo tairi linashika na kuachia kwa zamu, na huko ndiko shafti zinakokatikia.

Upepo unaweza kuupunguza kidogo kwenye magurudumu yanayovuta, tuseme kwa sehemu moja ya kumi ya kiwango kilichoandikwa mlangoni, ukaona kama mita 18 za kwanza zinapungua. Usizidi hapo sana, kwani tairi la barabarani lililolegea huyumba kwenye mwendo mkubwa na huweza kuchomoka kwenye rimu. Tairi za nyuma ziachie kiwango chake, na hakikisha pampu umekuja nayo ya kurudishia upepo kabla ya safari ya nyumbani.

Nimeambiwa kwamba gari la otomatiki huondoka vizuri ukiweka gia huru, ukapiga resi, kisha ukaitupa kwenye gia ya kwenda mbele taa inapowaka. Ni kweli? — Kijana wa Otomatiki

Linaondoka vizuri mara moja au mbili, halafu unanunua gia nyingine. Kanyaga breki kwa mguu wa kushoto gari likiwa tayari kwenye gia, ongeza mafuta kwa mguu wa kulia hadi ulisikie linataka kukushinda, kisha achia breki. Usilishikilie hivyo kwa zaidi ya sekunde mbili au tatu, kwa kuwa nishati yote hiyo inageuka joto ndani ya oili ya gia. Wenye gia za mkono nao wana ugonjwa wao, wa kuachia klachi ghafla injini ikiwa inapiga kelele. Harufu ya kuungua ikiingia ndani ya gari, ile ni klachi yenyewe. Wenye magari ya umeme hawahitaji somo hili: nguvu yote ipo tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na ndiyo maana magari ya familia yasiyo na sauti siku hizi huwaaibisha wenye injini zinazonguruma.

Shikamoo mwandishi wetu. Uwanja uko mbali, na mimi na wenzangu tumepata barabara mpya iliyonyooka ambayo usiku haina magari. Je, tukiweka watu wawili wa kuangalia, si ni sawa tu na uwanjani? Na bima itasemaje? — Mwanafunzi

Marahaba, kijana. Si sawa hata kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa gari linakwenda mita 36 kila sekunde. Mpaka ugutuke na mguu ufike kwenye breki, mita hizo zimekwisha, na breki nzuri kwenye lami kavu zitataka mita 70 nyingine au zaidi. Taa za gari za mwanga hafifu hazikuonyeshi umbali huo. Mtu wako wa kuangalia atamwona mwendesha baiskeli asiye na taa wakati ule ule utakaomwona wewe. Uwanjani kuna kuta pande zote mbili, kuna njia ndefu ya kupunguzia mwendo baada ya mstari wa mwisho, kuna watu wa zimamoto na gari la wagonjwa, na hakuna anayevuka.

Kuhusu bima, mikataba mingi huondoa kwa maandishi madhara yanayotokea kwenye mbio, mashindano au majaribio ya mwendo, hata yale yanayofanyika uwanjani kihalali. Barabarani usiku mtakuwa na kesi ya jinai juu yake. Anayekwenda uwanjani aiandikie ofisi yake ya bima swali hilo, apate jibu la maandishi, na aende akijua kwamba pengine siku hiyo gari lake linajitegemea lenyewe. Ikiwa mkopo wake bado haujaisha, au gari ni la baba, alifikirie hilo mara mbili. Ninyi changeni mafuta, mwende huko mbali kwa gari moja, mpokezane usukani kama uwanja unaruhusu.

Nimeshafika chini ya sekunde 18 na sasa nataka kushindana, si kupima tu. Nitamshindaje mtu mwenye gari la sekunde 14? — Mvumilivu

Ndugu Mvumilivu, kuna aina ya mashindano iliyobuniwa kwa ajili yako. Kila dereva hutangaza kabla ya mbio muda anaoamini gari lake litatumia, na mwenye gari la polepole huruhusiwa kuondoka mapema kwa tofauti ya muda huo. Ukitangaza 17.60 naye akatangaza 14.10, taa zako zitatangulia zake kwa sekunde tatu na nusu, na kama nyote mngefanya kila kitu bila kosa mngefika pamoja. Kuanzia hapo nguvu ya injini haimsaidii mtu. Anayeshinda ni aliyewahi taa na kuukaribia zaidi muda wake mwenyewe. Tuseme wewe umechelewa taa kwa 0.20 na ukatumia 17.65, na yeye amechelewa kwa 0.40 na kutumia 14.12. Wewe umepoteza robo ya sekunde kwa jumla, yeye 0.42. Umeshinda, na kutoka jukwaani ataonekana akikufukuza mpaka mstari ukamnyima.

Kuna mtego mmoja. Ukitumia muda mfupi kuliko ule uliotangaza, unashindwa, isipokuwa kama naye amefanya hivyo kwa kiasi kikubwa zaidi, au amewasha taa nyekundu. Sheria hii inawazuia wajanja wasitangaze muda mrefu wa uongo. Ndiyo maana wazoefu hukagua kila kitu kinachoweza kubadilisha muda: jua likizama na hewa ikapoa, injini hupumua vizuri na gari lako la 17.60 linaweza kushuka hadi 17.45 bila wewe kufanya lolote, kwa hiyo tangazo la saa nane mchana halifai saa kumi na mbili jioni. Uwe na daftari. Andika saa, hali ya joto, kiasi cha mafuta tangini, upepo wa matairi na muda wa mita 18 za kwanza, kila mara, hata siku ambayo mambo yamekwenda kombo. Mimi gari langu linapishana kwa sehemu saba za mia za sekunde kati ya safari nzuri na mbaya, na ilinichukua kurasa arobaini kulijua hilo.

Ukishaupita mstari wa mwisho usifunge breki kwa ghafla na usiingie upande wa mwenzako kwa sababu tu umemtangulia. Punguza taratibu, kaa kwenye njia yako, na uliza mapema, kabla ya kukimbia, ni upande upi unaopinda kwanza kwenda njia ya kurudi. Kwenye njia hiyo ya kurudi nenda mwendo wa mtu anayetembea, simama kwenye kibanda, uchukue karatasi yako. Uisome ukiwa umeegesha.